Sara Rothé alinunua nyumba tatu za wanasesere, akatengeneza mbili: tuzichambue hapa

Kabati_Kongwe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila tukizungumzia nyumba za wanasesere za Uholanzi mjadala unaishia kwa Petronella Oortman na kabati lake (nyumba hizi zilijengwa ndani ya kabati) lililoko Rijksmuseum, Amsterdam. Ni zuri, sibishi. Lakini mtu anayetaka kuelewa ukusanyaji wenyewe, yaani kununua, kuchambua, kukarabati na kuweka kumbukumbu, namshauri aanze na Sara Rothé.

Kwa kifupi: alizaliwa 1699, akaolewa 1721 na Jacob Ploos van Amstel, mfanyabiashara wa Amsterdam. Walikuwa na makazi mjini na nyumba ya kiangazi nje ya Haarlem. Mwaka 1743 alinunua mnadani makabati matatu ya wanasesere yaliyokwisha zeeka, ambayo historia yake inarudi kwa Cornelia van der Gon, mke wa mchoraji David van der Plaes. Hakuyapanga sebuleni kama yalivyo. Aliyavunja. Akampa kazi seremala wa makabati aitwaye Jan Meijer, akachagua vya kubaki na vya kubadilishwa, akanunua vipya, sehemu ya kazi ya sindano akaifanya kwa mkono wake, na kutoka katika yale matatu yakatoka mawili. Moja leo liko Frans Hals Museum, Haarlem. La pili liko Kunstmuseum Den Haag. Alifariki 1751, kwa hiyo hesabu yote ni miaka minane.

Kinachomtofautisha ni daftari. Aliandika alichonunua, nani alikirekebisha na kwa bei gani, na maandishi hayo yapo hadi leo. Ndiyo maana kitu kimoja ndani ya makabati yake kinaweza kuwa na tarehe tatu: kilipotengenezwa, kilipoingia mikononi mwake, na kilipobadilishwa. Anayesema "hii ni nyumba ya 1743" amekosea, na anayesema "hii ni ya karne ya 17" naye amekosea.

Kwa hiyo swali la uzi huu: ukisimama mbele ya kabati kama hili, unatenganishaje tabaka, yaani vitu vya nyakati tofauti? Na vitu hivi vinaharibikaje? Mafundi karibuni.

Mbao_na_Bawaba

Naanza na kabati lenyewe maana ndilo linalosahaulika kila mara.

Makabati ya Uholanzi ya enzi ile kwa kawaida ni mwaloni ndani, juu yake zimegandishwa bapa nyembamba za mjozi kwa gundi ya wanyama. La Oortman ni anasa ya peke yake: limefunikwa gamba la ng'amba na kutiwa nakshi za bati. Kwa nje unaona kabati la nguo la tajiri, ukifungua milango miwili ndipo unaona nyumba. Hakuna paa, hakuna ukuta wa mbele, hakuna ngazi ya kutoka chumba hadi chumba. Kila chumba ni sanduku lenye upande mmoja wazi.

Hilo lina maana kwa anayetafuta tabaka. Chumba ni sanduku, hivyo seremala anaweza kuchukua sakafu, dari au ukuta wa nyuma wa kabati la zamani na kuupachika kwenye jipya. Tafuta haya:

Kwanza, kingo za dari iliyochorwa. Mchoro ukikatwa ghafla ukingoni, ua nusu au mkono wa malaika umepotea, ubao huo ulipunguzwa kuingia nafasi mpya. Mchoraji aliyepewa vipimo sahihi toka mwanzo hamalizi mchoro wake kwa kukata kiganja.

Pili, matundu ya misumari yasiyo na kazi. Kila tundu tupu liliwahi kushika kitu. Ukiyaona yamepangwa kwa umbali sawa juu ya ukuta, hapo palikuwa na fremu ya kitambaa cha ukutani.

Tatu, miguu ya samani. Kiti chenye miguu iliyochongwa kwa mashine ya kereza, na vijiti vya kuunganisha miguu hapo chini, ni mtindo wa karne ya 17. Kiti chenye mguu uliopinda kama goti la mbuzi, bila vijiti, ni ladha ya enzi ya Sara. Vyote viwili vikiwa chumba kimoja, tayari una tabaka mbili mbele ya macho.

Skeli nayo inawachanganya wengi. Watu wa leo wamezoea 1:12, kiwango kilichotokana na inchi moja kwa futi moja. Wadachi wa wakati ule hawakuwa nacho. Vitu vyao hucheza karibu na 1:9 na 1:10, na ndani ya kabati moja vinaweza kutofautiana. Usipime urefu wa mwanasesere, maana binadamu wenyewe hawalingani. Pima kimo cha kalio la kiti. Kiti halisi ni kama sm 45. Kwa 1:12 utapata sm 3.75, kwa 1:10 sm 4.5, kwa 1:9 sm 5. Pima viti vitano au sita vya chumba kimoja. Vikigawanyika makundi mawili, uliza kila kundi limetoka kabati gani.

Kitumbua_Moto

Samahani wakuu, swali la mgeni. Hivi watoto walichezea hayo makabati? Na ni kweli lile la Oortman lilitengenezwa kwa ajili ya mfalme wa Urusi?

Kabati_Kongwe

Hapana kwa yote mawili. Haya yalikuwa makabati ya wanawake watu wazima wenye fedha. Wanaume wa tabaka lao walikuwa na makabati ya sarafu, makombe ya baharini na vito. Wake zao walikusanya nyumba nzima iliyopunguzwa. Gharama inayotajwa kwa kabati la Oortman ni gulden (fedha ya Uholanzi ya zamani) 20,000 hadi 30,000, kiasi kinacholingana na bei ya nyumba halisi kando ya mfereji. Hakuna mzazi anayempa mtoto hiyo. Habari ya Tsar Peter ni ngano iliyozoeleka tu. Mwenye kabati ni Petronella Oortman, aliyeolewa na mfanyabiashara wa hariri Johannes Brandt mwaka 1686, na kitani cha mle ndani kimetiwa herufi zao.

Na tahadhari ya majina, maana hapa hata waandishi hujikwaa. Kuna Petronella watatu. Petronella Oortman (1656–1716) ni huyo wa Rijksmuseum. Petronella Dunois (1650–1695) naye yupo Rijksmuseum, na aliingia na kabati lake kwenye ndoa 1677. Petronella de la Court (1624–1707) yuko Centraal Museum, Utrecht, na mumewe, mwenye kiwanda cha bia, aliitwa Adam Oortmans. Oortman na Oortmans! Ukiona makala inasema kabati la "Oortmans" liko Utrecht, angalia kwanza anamsema mke au mume.

Sonara_Mkunazini

Niingie kwenye fedha, maana ndiyo inayouzwa sana na ndiyo inayoghushiwa sana.

Amsterdam ya karne ya 18 ilikuwa na mafundi waliojikita kwenye vyombo vidogo vya fedha: Arnoldus van Geffen, kina van Strant (Willem na Frederik), Pieter van Somerwil. Walifua birika, viti, vinara, magari ya farasi, hata watu wanaoteleza kwenye barafu. Wakusanyaji kama Sara walikuwa wateja wa soko hili.

Kwanza tuelewe kwa nini kitu kidogo ni kigumu. Ukipunguza birika kwa 1:10, urefu unagawanywa kwa 10 lakini ujazo unagawanywa kwa 1,000. Lita moja inakuwa mililita moja. Birika la gramu 600, ukilipunguza kila upande kwa uaminifu, litakuwa gramu 0.6 na ukuta wa milimita 1 utakuwa milimita 0.1. Huo ni ukuta wa karatasi, unabonyea kwa kucha. Kwa hiyo fundi anauacha mnene zaidi, mara tatu au zaidi. Ndiyo sababu kitu cha fedha kidogo kilichofuliwa vizuri kina uzito usioutegemea ukikiweka kiganjani. Kikiwa chepesi mno, ni bati la kukandamizwa kwa mashine.

Chapa sasa. Fedha ya Amsterdam ya wakati huo ina ngao ya mji yenye misalaba mitatu iliyosimama safu moja, taji juu. Ina herufi ya mwaka. Ina alama ya fundi. Na simba wa Uholanzi kwa fedha ya daraja la juu. Vitu vidogo mara nyingi havina zote, nafasi haitoshi. Kukosekana kwa chapa moja si ushahidi wa kughushi.

Kinachonipa shaka ni haya:

Chapa yenye kingo laini, kama imeyeyuka. Chapa halisi hupigwa kwa muhuri wa chuma juu ya fedha baridi, kwa hiyo ina kingo kali na kwa nyuma utaona uvimbe kidogo. Chapa laini maana yake fundi wa baadaye alichukua kitu halisi, akakitia kwenye mchanga au ukungu, akamimina fedha, na chapa ikanakiliwa pamoja na kitu chenyewe. Tazama kwa lenzi ya mara kumi utaona pia vitundu vya hewa.

Vitu viwili vyenye chapa mahali pale pale kwa pembe ile ile. Mkono wa binadamu haupigi hivyo mara mbili. Vimetoka ukungu mmoja.

Alama ya kijiupanga. Hiyo ilianza baada ya sheria ya 1814 kwa vitu vidogo vya fedha ya 833 (sehemu 833 za fedha safi kwa 1,000). Ukiiona, kitu ni cha karne ya 19 au ya 20, hata kama mtindo ni wa van Geffen na muuzaji anaapa kwa mama yake. Kiasi kikubwa cha vidude vya fedha vilivyoko sokoni leo ni vya karne hizo mbili, na mji wa Schoonhoven ulitoa vingi. Si vibaya, ila bei yake ni nyingine.

Mshumaa

Mkuu Sonara, fedha ikiwa nyeusi mimi natumia karatasi ya alumini, magadi na maji ya moto, inang'aa dakika mbili. Kuna ubaya?

Sonara_Mkunazini

Kwa kijiko cha nyumbani, sawa. Kwa kitu kidogo cha kale, usiguse. Maji ya moto yanaingia kwenye viungio vya risasi na ndani ya mashimo ambayo huwezi kuyakausha, na weusi uliokaa makusudi kwenye mistari ya nakshi unaondoka wote, kitu kinabaki kama sahani ya maziwa, bapa. Zile dawa za kuchovya ni mbaya zaidi kwa kitu kilichopakwa dhahabu.

Njia ya wanaojali: chaki safi ya kalsiamu iliyosagwa laini kabisa, maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, pamba kwenye kijiti. Tengeneza uji mzito, zungusha taratibu, badilisha pamba kila ikigeuka nyeusi, futa na maji, kausha na hewa ya vuguvugu. Usisugue chapa. Kila kusafisha kunakula fedha, na kwenye ukuta wa milimita 0.3 huna akiba ya kuchezea. Afadhali ufanye mara moja kwa miaka mingi kisha uzuie weusi usirudi.

Mlinzi_wa_Ghala

Hapo kwenye kuzuia ndipo penye kazi, na ndipo nyumba ya mwanasesere inapokuwa kitu kigumu kuliko vyote ghalani. Makumbusho ikiwa na sahani za fedha inazitunza kama fedha. Ikiwa na mazulia inayatunza kama sufu. Lakini kabati la Sara lina fedha, sufu, hariri, kitani, nta, pembe ya ndovu, kioo, karatasi, rangi ya mafuta na pyuta (bati lililochanganywa na risasi), vyote ndani ya sanduku moja la mwaloni lenye milango. Na vinaumizana.

Mwaloni unatoa mvuke wa asidi ya siki, miaka mia tatu na bado unatoa. Milango ikifungwa mvuke unajikusanya. Risasi ndiyo ya kwanza kuumia: sahani ndogo za jikoni zinaota unga mweupe. Watu huufuta wakidhani vumbi. Ule unga ni sahani yenyewe imegeuka chumvi ya risasi, na ni sumu. Vaa glavu, usiupulize.

Sufu inatoa salfa kidogo kidogo. Zulia la sufu chini ya meza yenye vyombo vya fedha ni chanzo cha weusi hata kama hewa ya chumba ni safi. Raba na baadhi ya gundi za kisasa hufanya hivyo pia, kwa hiyo yule anayebandika viti kwa gundi ya mpira ili visianguke anatengeneza tatizo la mwaka kesho.

Kioo chenye magadi mengi na chokaa kidogo "kinatoka jasho": matone madogo yanayoteleza, baadaye nyufa kama utando. Kioo hicho kinataka unyevu wa karibu asilimia 40. Pembe na mbao zilizogandishwa bapa zinataka karibu 50, zikikauka zinapasuka. Huwezi kumridhisha kila mtu. Kinachofanyika kwa kawaida ni kushika kati ya 45 na 55 kwa kabati zima, bila kuruka-ruka, na kile kioo kinachougua kinaondolewa na kuwekwa kwenye sanduku lake.

Nta: wanasesere wa matajiri wale walikuwa na vichwa na mikono ya nta. Nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 hadi 65, lakini inalegea mapema sana kabla ya hapo. Taa ya ndani ya kabati, ile ya zamani ya joto, inatosha kuinamisha pua. Weka chini ya nyuzi 25. Ukiona ukungu mweupe juu ya uso wa nta baada ya baridi, mara nyingi si kuvu bali nta yenyewe imetoa unga. Piga na brashi laini kavu. Usitumie spiriti.

Mwanga: hariri haivumilii. Kiwango kinachotumika ni luksi 50. Hesabu: luksi 50, saa 8 kwa siku, siku 300, ni luksi-saa 120,000 kwa mwaka. Ukiongeza taa hadi 200 "ili wageni waone vizuri", umetumia miaka minne ndani ya mmoja. Uharibifu wa mwanga unajumlika tu, haupumziki ukizima taa.

Wadudu: matundu ya milimita 1 hadi 2 na unga mpya chini yake maana yake dumuzi wa mbao yuko kazini. Nguo peke yake unaweza kuigandisha ndani ya mfuko uliofungwa, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Kabati usiligandishe, gundi, bapa na rangi ya mafuta vinasinyaa kwa viwango tofauti. Huondolewa oksijeni, ibaki chini ya asilimia 0.5, kwa wiki tatu au nne ndani ya hema lisilopitisha hewa.

Mbao_na_Bawaba

Naongezea kwa wanaojenga makabati mapya: msirudie mwaloni. Na plaiwudi ya bei rahisi ina gundi ya fomaldehaidi, nayo inatoa asidi. Ukiwa na shaka na ubao, kitambaa au gundi yoyote, fanya jaribio hili: weka gramu 2 za kitu hicho ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa pamoja na vipande vilivyosuguliwa vya fedha, shaba na risasi, na tone la maji kwenye kichupa kidogo cha pembeni. Nyuzi 60, siku 28. Chupa ya pili iwe na metali tupu kwa kulinganisha. Metali ikibadilika rangi kuliko ile ya chupa tupu, kitu hicho hakiingii ndani ya kabati.

Mshumaa

Na pembe? Nimeona mtandaoni kijibao cha dama kidogo cha "pembe ya ndovu, Amsterdam, karne ya 18". Mtu wa Nairobi au Dar akikinunua Ulaya inakuwaje?

Mlinzi_wa_Ghala

Mambo mawili. Kwanza kama ni pembe kweli. Pembe ya ndovu iliyokatwa kwa upana huonyesha mistari inayokatizana kama wavu. Ya ndovu wa sasa hukutana kwa pembe butu, zaidi ya digrii 115, ya mamothi (ndovu wa kale waliotoweka) hukutana kwa pembe kali chini ya 90. Lakini kitu cha sentimita mbili mara nyingi hakionyeshi wavu wote. Mfupa una vidoti vyeusi au vijimistari vifupi, ni njia za damu. Seluloidi, plastiki ya zamani, ina mistari iliyonyooka sambamba mno, na ukiisugua kidogo inanukia kafuri. Lile jaribio la kuchoma kwa sindano ya moto achana nalo, linaacha kovu, na seluloidi inashika moto.

Pili, sheria. Ng'amba wako kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndovu pia, isipokuwa wa nchi chache za kusini mwa Afrika walioko cha pili. Ukale wa kitu haukifanyi kiwe huru kuvuka mpaka. Kukiuza ndani ya Umoja wa Ulaya kunataka hati ya kuthibitisha kilitengenezwa kabla ya 1947, na tangu 2022 kukitoa nje ya Umoja kwa biashara kumezuiwa, isipokuwa vichache kama vinavyokwenda makumbusho. Kwa kijibao cha dama cha sentimita mbili, hata kama kibali kingepatikana, gharama ya makaratasi ingeweza kuzidi kijibao. Na nchi zetu zina sababu za kutosha za kutokuwa na huruma na pembe, hata ndogo.

Sindano_Nane

Nimesubiri mpaka mmalize mbao na chuma. Nguo ndiyo ushahidi bora wa tabaka kuliko kiti.

Kichwa cha mwanamke: miaka ya 1690 mitindo ilikuwa kilemba kirefu cha lasi kinachosimama mbele kwa waya. Miaka ya 1740 ni kofia ndogo iliyolala. Ukikuta mwanasesere ana kofia ya 1740 lakini mikono ya gauni ni ya 1690, mtu alimbadilisha kichwani tu, kazi ya asubuhi moja. Geuza gauni ndani nje kama unaruhusiwa: mishono ya kwanza ni midogo na uzi wake umepauka sawa na kitambaa, ya marekebisho ina uzi wa rangi tofauti, na kando yake utaona vitundu vya mshono wa zamani.

Nyeusi na kahawia iliyokolea hufa kwanza. Rangi hizo zilipatikana kwa tanini na chuma, na chuma kinakula nyuzi. Ndiyo maana kwenye utarizi wa kale utakuta waridi zipo na mistari myeusi ya pembeni imekatika, imebaki njia ya vitundu. Usiijaze kwa uzi mpya. Pitisha chini yake hariri nyembamba iliyotiwa rangi ya kufanana, ishike kwa mishono mirefu.

Chumba cha kutazama kwa makini ni kile cha mzazi. Nasema mzazi kwa maana yetu ya pwani, mwanamke aliyejifungua. Wadachi wanakiita kraamkamer na karibu kila kabati kubwa linacho: kitanda chenye mapazia, kapu la nguo za mtoto, na kiti cha chini cha ukindu karibu na moto, bakermat, alipokaa yaya na mtoto mapajani. Wageni waliletwa humo kumwona mzazi, hivyo chumba kilikuwa cha maonyesho, nguo nzuri zote zilikuwa hapo. Kwenye kabati la Oortman mwanasesere mmoja tu ndiye amebaki, mtoto kwenye kitanda chake. Wengine tunawajua kwa sababu Jacob Appel alilichora kabati lote karibu 1710.

Kwa wanaotengeneza: kitambaa hakipungui. Hilo ndilo kosa namba moja. Pazia la pamba ya kawaida kwenye 1:10 linasimama kama mkeka. Nunua hariri nyembamba kabisa au pamba ya leso. Kata urefu wa pazia na upana mara mbili na nusu ya dirisha. Pika uji wa wanga wa ngano, sehemu 1 kwa maji sehemu 5, koroga kwa moto mdogo nusu saa, upitishe kwenye chujio, kisha upunguze tena kwa maji hadi uwe kama maziwa. Loweka kitambaa, kamua, kilaze juu ya ubao wa sponji uliofunikwa nailoni, panga mikunjo kwa pini kila milimita 4 juu na chini, acha siku nzima. Uji ukiwa mzito unaacha ung'avu kwenye mikunjo. Usitie gundi nyeupe ya mbao. Inakuwa ya manjano na haitoki tena. Wanga unatoka kwa maji, na hiyo ndiyo faida yake yote. Hasara yake ni mende na wadudu wa karatasi, hivyo usiache kabati wazi usiku.

Utarizi: kwa 1:10 zulia zuri linataka kama mishono 16 kwa sentimita. Turubai ya hariri, uzi mmoja. Zulia la sm 15 kwa 20 ni mishono 76,800. Piga hesabu yako kabla hujaahidi mtu.

Kitumbua_Moto

Elfu sabini na sita! Basi naelewa kwa nini Sara aliandika kila kitu.

Kabati_Kongwe

Ndipo nilipotaka tufike. Wengi mmeniuliza faraghani daftari la mkusanyaji liweje. Huu ndio mpangilio unaofanya kazi kwa nyumba ya mwanasesere, ambayo si sawa na mkusanyo wa sarafu kwa sababu mahali pa kitu ni sehemu ya kitu.

Kabla hujatoa hata kijiko: piga picha ya chumba kizima kwa mbele, kisha kwa juu kama kamera inaingia, huku uzi umetandazwa kugawa sakafu miraba ya sm 5. Herufi kwenda kulia, namba kwenda nyuma. Kikombe kilichoko C4 kinaandikwa C4. Kata karatasi isiyo na asidi yenye umbo la sakafu na uchore alama ya kila mguu wa meza. Bila hivyo, siku ya kusafisha utarudisha vitu "panapopendeza", na hapo umetengeneza tabaka jipya bila kujua.

Kila kitu kina namba ya chumba na namba yake. Weka tarehe tatu nilizozitaja juu kwenye safu tatu tofauti: kilitengenezwa, kiliingia, kilibadilishwa. Usiziunganishe hata kama mbili zinalingana. Kisha malighafi, vipimo kwa milimita, uzito kwa gramu hadi desimali moja, chapa kwa mchoro wa mkono na si picha tu, nani alikigusa, alitumia nini, kiasi gani kililipwa. Safu ya mwisho: kilichotolewa. Sara alichukua kutoka makabati matatu kutengeneza mawili, na vile alivyoviacha nje ni sehemu ya historia ile ile.

Namba kwenye kitu: kwa kauri na mfupa, paka kwanza tabaka jembamba la Paraloid B-72 (gundi safi ya plastiki inayotumiwa na makumbusho) kwenye asetoni, likauke, andika kwa wino wa kudumu, paka tena. Kwa nta, seluloidi na kitu chochote kilichopakwa rangi au vanishi, usitumie, asetoni itakula. Funga kijilebo kwa uzi wa pamba. Kwa fedha pia lebo ya uzi, isiguse chapa. Kwa nguo shona utepe wa pamba kwa mishono miwili, upande wa ndani.

Kusimamisha vyombo mezani, tumia punje ya nta ya makumbusho, ukubwa wa kichwa cha pini, chini ya kitako. Kwa fedha na kauri sawa. Isiwekwe juu ya mbao tupu, karatasi wala kitambaa, inaacha doa la mafuta.

Sonara_Mkunazini

Ongeza mkuu: pima uzito kabla na baada ya kusafisha fedha. Ukipoteza gramu 0.1 kwenye chombo cha gramu 5, uliyemwajiri anasugua mno.

Mbao_na_Bawaba

Na funguo. Makabati haya yana kufuli, funguo hupotea, kisha mtu anabandua bawaba. Ufunguo mmoja kwenye kabati, wa pili kwenye bahasha ndani ya daftari, na umeandikwa namba kama kitu kingine chochote.